Giaboksi ya Hilux kwenye Hiace 5L imegoma kukaa: tukaze bolti ivutike?

SWALI: Habari za kazi, mhandisi. Nina Hiace ya injini ya 5L iliyokuja na gia oto. Oto imekufa, na fundi wangu hapa Morogoro ameshauri tuhamie manyuo (gia za kubadilisha kwa mkono). Amepata giaboksi ya Hilux. Matundu ya bolti yanalingana na ya injini, ila tukiisukuma inagoma ikiwa imebaki nafasi ya upana wa kidole. Anasema tutafute bolti ndefu, tukaze kidogo kidogo, itavutika yenyewe. Tuendelee?

JIBU: Msiendelee. Mwambie fundi aishushe leo hiihii.

Giaboksi ya manyuo iliyolengwa vizuri huingia kwa mikono mpaka uso wake uguse bloku (mwili wa injini), na bolti hufuata baadaye. Bolti ni za kushikilia, si za kuvutia. Mkilazimisha, masikio ya belihauzi (kengele ya mbele ya giaboksi, inayofungwa kwenye injini) yatapasuka, kwa kuwa ni aluminiamu, au kitovu cha sahani ya klachi kitapinda. Lakini ninachokihofia zaidi ni shafti ya giaboksi kuisukuma krenki (shafti kuu ya injini) kwa mbele na kuzila thrasti washa, vipande vinavyoizuia isiteleze mbele na nyuma. Gari litawaka na litatembea. Injini itakuja kufa baadaye, na hapo kila mtu atalaumu oili.

Matundu kulingana hakunishangazi: injini za dizeli za Toyota za 2L, 3L na 5L ni ukoo mmoja. Tatizo liko katikati, mahali ambapo macho hayafiki.

Nafasi ya upana wa kidole inakaribiana na urefu wa ile ncha nyembamba ya shafti inayoingia kwenye pailoti beringi, beringi ndogo inayoishikilia ncha hiyo nyuma ya krenki. Kwa hiyo nadhani meno ya shafti yameshaipata sahani ya klachi, ila ncha inagonga ukingo wa beringi. Mara nyingi ni kwa sababu sahani iliachwa ining'inie chini wakati presha pleti (bamba linaloibana sahani) inakazwa. Legezeni presha pleti, wekeni sahani katikati kwa kifaa cha kulengea au shafti kuukuu ya giaboksi ya aina hiyohiyo, kisha kazeni bolti kwa kupishanisha, msizunguke moja baada ya nyingine. Kabla ya kupandisha tena, valisheni beringi ya aina hiyo kwenye ncha kwa mkono. Isipovaa nje, haitavaa ndani.

Na je, beringi ipo kweli? Injini yako ilikuwa ya oto, na oto haitumii pailoti. Tundu la krenki lilikuwa la kupokea pua ya toku konveta (kiungo kati ya injini na oto). Chunguzeni kama kuna kipande cha oto kilichosahaulika humo ndani. Pimeni kipenyo na kina cha tundu kwa venia (kipimo cha milimita), na kama havilingani na beringi, nendeni kwa mchongaji awatengenezee bushi. Fundi asije akashawishika kuifunga bila pailoti kwa sababu "imeingia yenyewe". Shafti isiyoshikwa mbele huyumba, gia hukwaruza na beringi ya mbele ya giaboksi haidumu.

Ikiwa nafasi iliyobaki ni milimita chache tu, tazameni zile pini mbili za kulengea kwenye bloku, au waya uliobanwa. Pini hizo msizitoe hata zikiwasumbua. Ndizo zinazoiweka giaboksi katikati ya krenki. Bati jembamba linalokaa kati ya injini na giaboksi nalo lirudi mahali pake, la sivyo stata haitakutana vizuri na meno ya flaiwili, lile gurudumu zito la nyuma ya krenki.

Flaiwili ifungwe kwa bolti zake yenyewe. Za pleti ya oto, iliyokaa mahali pa flaiwili, zinaweza kuwa na urefu tofauti, na bolti ikigota mwisho wa tundu kabla ya kubana, flaiwili italegea njiani.

Sasa niseme lisilofurahisha: giaboksi ya Hilux si chaguo langu. Mkono wake wa gia unasimama juu ya giaboksi yenyewe, wakati kwenye Hiace injini iko chini ya viti vya mbele na gia huchaguliwa kwa mbali. Mtakata bodi na kuchomelea vyuma mpaka mchoke. Kama muuzaji anakubali kubadilishiana, rudisheni. Tafuteni Gerezani, Dar es Salaam, seti nzima ya Hiace iliyotoka gari moja: giaboksi, flaiwili, klachi, pedeli, pampu zake za juu na chini, mauntingi na propela (shafti inayopeleka nguvu magurudumu ya nyuma). Bei itauma mwanzoni, lakini vipande vya kuokoteza humaliza pesa polepole.

Upande wa umeme, oto ina swichi inayoruhusu stata kwenye P (kuegesha) na N (huru) pekee. Nyaya zake msiziunganishe tu moja kwa moja. Zipitisheni kwenye swichi ya pedeli ya klachi ili gari lisiwake bila klachi kukanyagwa. Taa za rivasi zihamie swichi ya giaboksi mpya. Mabomba ya ATF (oili ya gia oto) ya kwenye rejeta yazibwe, na giaboksi ijazwe oili ya gia 75W-90.

Mwisho kagueni propela. Gari likiwa chini kwa uzito wake, nira ya mbele (ncha yake inayoingia kwenye giaboksi) ibaki na nafasi ya kuteleza kuelekea kwenye giaboksi. Ikiwa imegota, ifupisheni na kuibalansi kwa mchongaji kabla gari halijatoka nje ya gereji.