Kabla hujanunua simu ya bei chee, angalia kwanza kama ina romu

Juzi kuna dada kaniandikia toka Mwanza, kanunua simu mpya ya bei chee, kamera kibao, betri kubwa, plastiki bado ipo kwenye kioo, anataka nimuelekeze jinsi ya kuweka LineageOS, moja ya romu, yaani mfumo wa Android unaouweka mwenyewe badala ya ule wa kiwandani. Nikaangalia modeli. Prosesa ni MediaTek, waliotengeneza simu hawajaachia kodi (code) ya kernel, kile kiini cha mfumo wa simu, hakuna hata mtu mmoja aliyeitengenezea romu. Ikabidi nimwambie ukweli na iliniuma, maana ile hela kaitafuta kwa jasho na simu yenyewe sio mbaya, ila kwa kile alichokitaka haifai.

Kwahiyo wakuu leo tuelewane. Kama nia yako ni kuflashi, yaani kubadilisha mfumo wa simu, romu ndio inakuchagulia simu. Ingia kwenye orodha ya simu za LineageOS, tafuta ambayo bado inatolewa apdeti mpaka leo, andika pembeni lile jina lake wanaloliita watengeneza romu, hapo ndio ubebe hela uende dukani. Kamera na rangi utaviangalia baadaye.

Mimi ndivyo nilivyoipata hii Redmi Note 7 ninayoandikia. Jina lake kule ni lavender. Ilitoka 2019, ina Snapdragon 660 na betri ya 4000 mAh, ilikuja na Android 9 na apdeti za kiwandani zikaishia Android 10, ndio maana watu wanaiuza bei ya kutupa wakidhani imeshakwisha. Nilizunguka Kariakoo mtaa wa Aggrey naitafuta yenye RAM ya GB 4, na kila nikishikishwa moja nahakikisha sio Note 7 Pro, maana ile ni violet, chipu yake nyingine kabisa, romu ya hii haiingii kwenye ile. Muuzaji mmoja aliponisikia nauliza habari za butiloda (programu inayoiwasha simu, kiwandani huwa wameifunga usibadilishe mfumo) akasema mbele ya wateja kwamba wanaoflashi simu wote ni wezi. Niliondoka bila kumjibu ila mpaka leo nikipita pale roho inaniuma. Simu nimeinunua kwa hela yangu, kuifungua wizi uko wapi?

Na wala sinunui kiholela. Simu ya mtumba unabonyeza *#06#, IMEI (namba ya utambulisho wa simu) inayotokea unaituma kwenda 15090, TCRA (mamlaka ya mawasiliano Tanzania) wanakujibu ni simu gani, kama jibu halifanani na ulichoshika mkononi rudisha ondoka zako. Tangu simu feki zizimwe 2016 hakuna sababu ya mtu kupigwa kwa hili.

Sasa kufungua butiloda. Unatakiwa uwe na akaunti ya Mi (ya Xiaomi, kampuni inayotengeneza Redmi), laini yenye bando (ukiwa kwenye WiFi inagoma kuunganisha), na kompyuta ya Windows yenye programu ya Mi Unlock. Ukishaunganisha akaunti na simu, mara nyingi Xiaomi wanakusubirisha saa 168, yaani wiki nzima, na hapo ndio watu wengi uvumilivu unawaisha wanakimbilia kwa mafundi kuwalipa wawarukishe hiyo foleni. Usilipe mtu, subiri. Hamisha picha zako zote maana ikifunguka inafuta kila kitu. Na kwa simu mpya zenye HyperOS (mfumo mpya wa Xiaomi) masharti yamekazwa zaidi, soma vizuri kabla hujatoa hela.

Kuflashi kwenyewe ni jioni moja tu. Unashikilia kitufe cha kupunguza sauti na cha kuwasha, inaingia fastboot (hali ya kupokea mafaili ya mfumo toka kompyuta), unaweka rikavari (mfumo mdogo wa kuwekea romu), unafomati data, unasukuma romu kwa adb sideload, amri unayoiandika kwenye kompyuta. Kwenye kompyuta asilimia zinaweza kuishia 47, usichomoe waya kwa hofu, mara nyingi imeshamaliza, angalia simu yenyewe inasemaje. App za Google unaziweka palepale (mimi natumia kifurushi cha MindTheGapps) kabla simu haijawaka mara ya kwanza. Ilipowaka nikaona logo ya LineageOS nilipiga kelele ndugu zangu, simu iliyoachwa Android 10 leo ina Android mpya kuliko za watu wengi ninaokaa nao!

Vijana tunalia simu nzito, tunakopa tununue nyingine, mwaka haujaisha tunakopa tena. Jifunzeni hii kazi. Ina maelezo ya bure, hatua kwa hatua, kinachotakiwa ni kusoma mpaka mwisho kabla ya kugusa kitu.

Kitu kimoja tu ujiandae nacho, baadhi ya app za benki zinaikataa simu iliyofunguliwa butiloda. Kabla hujaflashi hakikisha benki yako ina menyu ya kawaida na uijue, kama ambavyo M-Pesa unaingia kwa *150*00# bila app yoyote. Na kama kazi yako inakulazimu utumie app ya benki kila siku, hiyo simu unayoitegemea iache ilivyo, tafuta nyingine ya pembeni ndio uiflashi.