Mleta mada, futa kwanza hiyo safu ya "mchango wetu"

Mkuu, kabla hujabonyeza kutuma, rudi kwenye bajeti ya maombi ya ruzuku uliyobandika hapo juu. Safu ya tatu, "Mchango wetu: dola 18,400", yaani vile unavyoahidi kutoa mwenyewe. Futa yote. Halafu ndiyo tuongee.

Umeuliza mambo manne: wafadhili gani wa kuwaendea kwa klabu ya hisabati ya Jumamosi, wanafunzi wa darasa la 6 hadi la 12 hapa Marekani; namna ya kuandika maelezo ya uhitaji; walimu walipwe kwa saa au kwa muhula; na kama hiyo safu "inapendeza". Hilo la mwisho umeliweka kama la kujazia, na waliotangulia kukujibu wamekupigia makofi. Mmoja kasema "hapo umemaliza". Umemaliza kweli, ila siyo anavyodhani yeye.

Sisi, kwa klabu ya idara yetu ya chuo, tuliandika safu kama hiyo bila kuombwa na mtu. Mwongozo wa mfadhili ulisema waziwazi kwamba mchango wa mwombaji si sharti. Lakini tulikuwa na mshauri, bwana mmoja wa semina za mtandaoni, slaidi zinameremeta, ada yake si ya mchezo. Akatuambia, "Mfadhili anataka aone na ninyi mmetia mkono mfukoni." Tukautia. Mfuko wenyewe ulikuwa mtupu, kwa hiyo tukatoa vya kufikirika: saa za wanaojitolea, chumba cha idara, mashine ya kopi, muda wa mratibu. Kujumlisha, vikazidi fedha tuliyoomba! Tulijiona matajiri.

Sasa soma hapa taratibu. Fedha za serikali kuu ya Marekani zinaongozwa na kanuni zake za ruzuku, ziitwazo 2 CFR 200, na habari ya mchango iko kifungu cha 306. Ukishaandika kiasi kwenye bajeti, bajeti ikapitishwa, ile si sifa tena, ni deni. Kila dola uliyojitapa nayo utaionyesha kwenye vitabu sawasawa na dola waliyokupa wao, na kumbukumbu zake utazitunza miaka 3 baada ya ripoti ya mwisho ya fedha.

Saa ya anayejitolea huipangii bei kwa jinsi unavyompenda. Iendane na malipo ya kazi ya aina hiyo pale kwenye taasisi yako. Sisi wanafunzi wa mwaka wa pili wa chuo tuliwapigia bei ya profesa, eti kwa sababu wanafundisha. Chumba cha chuo chenyewe kinaingia kwenye gharama za uendeshaji (majengo, umeme, ofisi), ambazo ruzuku inazilipia tayari kwa asilimia, kwa hiyo kukitaja tena kama zawadi ni kuuza ng'ombe mmoja mara mbili. Na kilichokwisha hesabiwa kama mchango kwenye ruzuku nyingine ya serikali hakihesabiki tena kwenye yako. Mratibu wetu, kumbe, nusu ya mshahara wake ilikuwa imeshaahidiwa kwenye mradi mwingine wa idara hiyo hiyo. Hakuna aliyejua. Yeye mwenyewe hakujua.

Halafu akaja mkaguzi. Mama mpole kabisa, sauti ya chini. Akaomba karatasi za saa za wanaojitolea, akazipanga mezani za muhula mzima, akavaa miwani. Akauliza, "Huyu kijana alisaini hizi zote siku moja?" Saini zote wino mmoja, zimelala mlalo mmoja. Mimi nafundisha uwezekano, nikaona afadhali ninyamaze kuliko kumtetea kwa fani yangu. Akaweka kidole kwenye Jumamosi moja ya Februari: chuo kilikuwa kimefungwa kwa theluji. Karatasi inasema kijana alifundisha kwa muda wa saa tatu. Labda alizifundisha sanamu za theluji za uani.

Kijana hakuwa mwizi, naapa. Alikuja karibu kila wiki. Ila hakuna aliyemwambia asaini siku ile ile, kwa sababu hakuna kati yetu aliyejua kwamba jasho lake tumeshaliuza.

Mchango usipotimia, mfadhili anaweza kupunguza sehemu yake kwa uwiano. Na fedha unakuwa umeshaitumia: walimu wamelipwa, nauli za watoto zimekwenda. Idara ikarudisha kutoka kwenye fungu lake la safari, na klabu ikafungwa muhula uliofuata. Kulikuwa na binti wa darasa la 7 aliyekuwa ameanza kuthibitisha vitu kwa kuchukua kinyume chake na kukifikisha kwenye upuuzi, anacheka peke yake ubaoni akifika. Huyo ndiye aliyelipa. Mkuu wa idara naye hadi leo akiniona kwenye korido anashika mfuko.

Yule mshauri nilimpigia. Jibu lake: "Hayo ni ya baada ya ruzuku, mimi nashughulika na ya kabla." Yaani mshenga kaondoka na posa, ugomvi wa ndoa haumhusu! Na kama anasoma hapa, ajue kwamba NSF, shirika la serikali ya Marekani linalofadhili sayansi, tangu 2011 wamekataza mwombaji kujiandikia mchango wa hiari kwenye bajeti. Mchango unaruhusiwa pale tu tangazo lenyewe la ruzuku linapoudai. Mtu anauza semina mwaka baada ya mwaka na hajafungua mwongozo wa mfadhili mkubwa namna ile!

Kanuni yangu ni moja tu: kama mfadhili hakudai, usiweke tarakimu. Chumba unacho? Walimu wa kujitolea wapo? Sema kwa maneno kwenye sehemu ya rasilimali, aya moja, bila saa, bila dola, bila asilimia. "Idara itatupatia chumba chenye ubao siku za Jumamosi." Basi. Msomaji ataelewa una watu nyuma yako, na mkaguzi hatakuwa na cha kujumlisha. Mfadhili akidai mchango, mpe kiwango alichodai na senti moja usizidishe, na kiwe kitu ambacho tayari kina karatasi yake mahali fulani: mshahara unaopita kwenye hazina ya chuo, ankara, hundi. Usianze na saa za kujitolea. Hizo ni za mwisho kabisa, ukikosa kingine.

Wafadhili: kwa ukubwa wa klabu yako anza na ruzuku za Dolciani za MAA (Mathematical Association of America, chama cha hisabati), ndizo zinazolenga shughuli za namna hii. Mfuko wa Epsilon wa AMS (American Mathematical Society, chama kingine cha hisabati), ulioanzishwa 1999, niliona mtu amekutajia. Huo ni wa kambi za hisabati za kiangazi za wanafunzi wa sekondari, kama ile ya Ross iliyoanza 1957, klabu ya Jumamosi haimo. Soma masharti ya mwaka huu, usitegemee ya mwaka jana. Maelezo ya uhitaji wengine watakusaidia, mimi nimeshachoka kuandika.

Ukishafuta ile safu, rudisha bajeti hapa tuipitie. Na angalia mstari wa gharama za uendeshaji: umepiga asilimia 15 kwenye jumla nzima. Kiwango chenyewe ni sahihi kwa chuo kisicho na makubaliano yake na serikali, kilipanda kutoka asilimia 10 mwezi Oktoba mwaka 2024. Lakini nauli na chakula cha wanafunzi ni gharama za washiriki, zitoe kwanza ndipo upige hesabu.