Jibu: Binti anasoma maigizo, filamu hapati

Salamu dada. Umesema binti yako wa miaka 12 yuko mwaka wa pili wa madarasa ya maigizo, kila odisheni ya filamu anakosa, na unauliza umtoe. Mimi nisingemtoa. Kwanza angalia kama walimu wanampandisha jukwaani mbele ya watu au wanamkaririsha tu. Mwigizaji Lupita Nyong'o alicheza Juliet, wa tamthilia ya Romeo na Juliet, akiwa na miaka 14, na kundi la maigizo la Phoenix Players hapa Nairobi. Tuzo ya filamu ya Oscar ikaja 2014. Katikati alifanya kazi nyuma ya kamera, akasomea uigizaji Chuo Kikuu cha Yale, Marekani. Mtoto wangu naye alikuwa akiigiza macho chini, kama anaongea na sakafu. Tukamrekodi kwa simu jikoni, akajitazama, akacheka, kidevu kikapanda. Mambo ya mawakala, wale wanaowatafutia waigizaji kazi, sijayapitia.