Muulize Mwalimu: Uingereza ilishinda vita, mbona ikabaki na madeni?

Mwalimu habari ya kazi. Hapa soko la Burma, Nairobi, tumebishana tangu asubuhi mpaka wateja wakatuacha. Mwenzangu anasema Uingereza ilishinda Vita vya Pili vya Dunia, sasa mtu akishinda si anafaa kuwa na nguvu zaidi? Mbona miaka miwili tu India ikawaponyoka, na baadaye sisi? Tuamulie hii kesi. – Muuza nyama, Burma

Nzuri ndugu yangu. Mwenzako ako na pointi, lakini anahesabu ushindi bila kuuliza bili ilikuja ngapi. Uingereza ni kama yule jamaa ameshinda kesi ya shamba lakini ng'ombe wote wameenda kwa wakili. Waliuza mali yao mingi ya ng'ambo ili wanunue silaha na chakula, halafu Japani iliposalimu amri tu, Agosti 1945, Marekani ikakata ile misaada ya vita waliyokuwa wanaitegemea. Ikabidi wakope dola bilioni 3.75 mwaka wa 1946, na hiyo loni walimaliza kulipa Desemba 2006, yaani sisi huku tayari tunatembea na simu mfukoni.

Sasa angalia jikoni kwao. Chakula kilianza kugawiwa kwa kadi Januari 1940, sukari, siagi na kadhalika, na watu wengi hudhani vita ikiisha na kadi ziliisha. Wapi! Mkate haukuwa kwa kadi wakati wote wa vita, uliwekwa Julai 1946, amani ishakuja, ukakaa hivyo miaka miwili, na nyama (wewe wa buchari utaelewa uchungu) iliachiliwa Julai 1954. Mtoto aliyezaliwa mwaka wa ushindi alifika karibu miaka tisa ndio mamake akaweza kununua nyama bila kuulizwa kadi. Na hao wamama wenyewe walikuwa wamefanya kazi za viwandani, maana kutoka Desemba 1941 sheria iliruhusu hata wasichana wasioolewa kuitwa kazi za vita, kwa hivyo usishangae Julai 1945 wakampigia Churchill, waziri mkuu wao wa vita, kura ya kwenda nyumbani, wakachukua Attlee wa chama cha Labour aliyewaahidi kazi na matibabu ya bure, na hayo matibabu yakaanza Julai 1948 kweli.

Pesa ni ya kukopa, wananchi wanataka hospitali, na bado kuna wanajeshi wao huko India na Palestina wanaotaka mshahara. India yenyewe ilikuwa inawadai zaidi ya pauni bilioni 1 kwa vitu na huduma walizochukua wakati wa vita, na watu wake walikuwa wamechoka kutawaliwa kitambo. Agosti 1947 Waingereza wakatoka.

Lakini hapa ndipo mimi naachana na mwenzako kabisa: kwetu hawakulegeza, walikaza! Koloni ambayo inaweza kuleta dola ama chakula ilifinywa zaidi. Mfano mzuri uko hapo Tanzania, Kongwa. Waingereza walikosa mafuta ya kupikia, wakapanga kulima njugu kwa zaidi ya ekari milioni 3, wakaleta matrekta mengine yaliyotengenezwa kutoka kwa vifaru vya vita, mibuyu ikagoma kung'oka, udongo ukikauka ukawa kama simiti, mvua nayo haikuja vile walihesabu ofisini London. Januari 1951 wakafunga, pauni milioni 36 hivi zimeenda, na mama wa Manchester hakuona mafuta.

Mwalimu salamu. Marehemu babu alikuwa KAR, lile jeshi la Waingereza la askari Waafrika (King's African Rifles), akapelekwa Burma, ile nchi ya Asia inayoitwa Myanmar siku hizi, akarudi na koti na medali. Alikuwa anasema Mzungu alimdanganya. Alidanganywa aje? – Mama wa watatu, Dagoretti

Pole mama, na babu alikuwa na haki ya kusema hivyo. Kenya ilitoa karibu watu 100,000. Kwanza walipigana na Wataliano, wakaingia Addis Ababa Aprili 1941, halafu wengi wakapelekwa Burma, ambapo ile divisheni ya 11 ya Afrika Mashariki ilipita Bonde la Kabaw kwa mvua ya 1944, matope na malaria kila siku, mpaka mto Chindwin. Kuna wengine hata hawakufika. Februari 1944 meli ya Khedive Ismail, iliyotoka Kilindini, ilipigwa torpido na Wajapani na karibu watu 1,300 wakafa, wengi wao askari wa mizinga wa huku kwetu.

Waliporudi, pesa za kuagwa zilipangwa kwa rangi. Askari mzungu alikuwa na mpango wa kupewa shamba kule nyanda za juu, babu yako alikuwa anarudi kwa kipande, kile kitambulisho Mwafrika alilazimishwa kubeba. Hata kama hakuna aliyemuandikia ahadi yoyote, huo ndio udanganyifu, mmetoka vita moja na mnalipwa tofauti. Wengine hawakunyamaza. Waruhiu Itote aliyepigana Burma ndiye huyo Jenerali China wa Mau Mau, waliopigana na Waingereza msituni, na Bildad Kaggia, ambaye jeshi lilimfikisha Mashariki ya Kati na Uingereza, aliingia vyama vya wafanyakazi na siasa mpaka akashtakiwa Kapenguria pamoja na Kenyatta.

Ni ukweli ile barabara ya kuteremka Mai Mahiu ilijengwa na Wataliano? – Dereva wa matatu, Kangemi

Ndiyo, mateka wa vita walioshikwa huko Ethiopia na Somalia. Na lile kanisa la kando ya barabara ni lao pia, la 1942. Simamisha gari siku moja uingie, lakini ni kadogo sana, abiria wote hawatatoshea.