Mwanafunzi maskini si ubao wa kufundishia

Kosa langu kubwa katika kazi hii ya kuwanoa wanaohudumia wanafunzi wa vyuo nililifanya Arusha, kwenye ukumbi wa kukodi kule Njiro, mbele ya watu 24. Nilikuwa nimepewa siku mbili niwanoe walezi wapya wa wanafunzi: mapatroni, mamatroni, washauri nasaha na vijana wachache wa serikali ya wanafunzi. Mada ilikuwa haki na usawa. Nikachukua zoezi ambalo vyuo vya Marekani vimelitumia sana: watu wanasimama mstari mmoja, mwezeshaji anasoma sentensi, na kila sentensi inamsogeza mtu mbele au nyuma. Nyumbani kwenu kulikuwa na umeme? Songa mbele. Uliwahi kurudishwa nyumbani kwa ajili ya ada? Rudi nyuma.

Tulipofika sentensi ya kumi na mbili, kijana mmoja kutoka Simanjiro alikuwa mgongo ukutani, peke yake. Walioko mbele, karibu na meza yangu, wakageuka kumtazama. Wengine machozi yaliwalengalenga, nami nikaona somo limeingia. Saa ya chai kijana hakuonekana. Nilimkuta getini amekaa na mlinzi.

Nikamwomba radhi. Akasema kwa upole, “Madam, mimi nilishajua niko nyuma. Leo ndiyo wenzangu wamejua.”

Sikulala vizuri usiku ule. Kweli watu walijifunza, ila waliojifunza ni wale wa mbele, na karo ya somo aliilipa aliyekuwa ukutani. Na mimi ndiye niliyesimama pale kufundisha usawa!

Siku hizi mafunzo nayafanyia zaidi Moshi, na siulizi mtu maisha yake. Wiki moja kabla, namwomba kila mshiriki aje na kitu kimoja kutoka ofisini kwake: fomu, tangazo la ubaoni, kanuni za bweni, hata picha ya mlango. Wanakaa wawili wawili. Mmoja anasoma fomu kwa sauti, mwenzake anachukua kadi yenye mwanafunzi wa kubuni na kujibu kama yeye. Kadi moja ni ya msichana wa mwaka wa kwanza aliyelelewa na bibi yake Same, baba hajawahi kumwona. Nyingine ni ya kijana anayetumia kiti cha magurudumu. Nyingine ni ya mama mwenye mtoto wa miezi saba, kapanga chumba Pasua.

Mara ya kwanza tu, fomu ya ruhusa ya chuo kimoja ilikwama mstari wa tatu: “Jina na sahihi ya baba.” Matroni aliyekuja nayo alikuwa ameigawa kwa miaka sita. Mwenye kadi ya msichana wa Same akamtazama: “Hapa naandika nini, mama?” Matroni akakaa kimya, kisha akasema taratibu, “Kumbe ndiyo maana wanaghushi.” Alikuwa amewapeleka wasichana wawili kamati ya nidhamu kwa sahihi za kughushi. Sikuongeza neno.

Picha za milango nazo zina mambo. Mshauri mmoja alileta picha ya ofisi inayohudumia wanafunzi wenye ulemavu. Ofisi iko ghorofa ya pili, na kupanda ni kwa ngazi tu. Tuna Sheria ya Watu Wenye Ulemavu tangu 2010, lakini chumba kile hakikuhitaji sheria, kilihitaji mtu wa kukitazama akiwa na kadi mkononi. Ukumbi mzima ulicheka, halafu ukanyamaza.

Kwa hiyo ushauri wangu kwako uliyepewa kuwafundisha wenzako: anza na makaratasi ya ofisi. Majeraha ya watu yaache kwa wenyewe. Mwanafunzi akitaka kusema yake, atasema, na atachagua wa kumwambia.

Utapingwa. Kila mafunzo yana mzee mmoja, mara nyingi mtu mwema kabisa, atakayesimama na kusema, “Sisi tulisoma kwa shida na tukamaliza. Hawa wanadekezwa.” Usimbishie kwa nadharia. Mimi humjibu mambo mawili, na shikamoo nakuwa nimeshampa asubuhi. Kwanza, ambao hawakumaliza hawamo humu ukumbini kutusimulia. Pili, mzee, kabla ya uchangiaji gharama wa miaka ya 1990, aliyechaguliwa chuo kikuu serikali ilimlipia masomo, na wengi mlisafiri kwa waranti, ile hati ya nauli iliyolipwa na serikali. Huyu wa leo ameomba mkopo, kapata asilimia fulani, iliyobaki inasubiri baba auze mahindi. Mzee mmoja wa Machame alicheka sana kwa neno waranti. Alikuwa amelisahau.

Hapo ndipo naleta suala la faini. Chuo kinasema atakayechelewa kujisajili atatozwa faini, wote sawa, na watu wanaamini huo ndio usawa. Lakini aliyelipiwa na mzazi kwa simu hachelewi. Anayechelewa ni yule ambaye hela haijaingia, yaani faini inatozwa kwa kukosa hela. Ukitaka washiriki walione hili bila hotuba, wapeleke kwa mama lishe wa getini wakanywe chai, wasiulize jina la mtu. Yeye anajua bumu, ile hela ya kujikimu ya mkopo, limechelewa kabla ya ofisi yoyote, kwa sababu ubwabwa unageuka kuwa chapati moja na chai ya rangi, na daftari la madeni linanenepa.

Kabila nalo, hasa huku kwetu. Nimesikia mshauri, Mchagga mwenzangu, akimwambia mwanafunzi kutoka Rombo, “Wewe unakosaje ada, nyie si watu wa hela?” Akacheka. Mwanafunzi naye akacheka, akaondoka, hakurudi tena. Utani ni mtamu sokoni Kiboriloni. Ofisini, mwenye kiti akitania, mwenye shida hana pa kujibia.

Sehemu ngumu kuliko zote ni rushwa ya ngono. Tunaigiza: mwanafunzi anamwambia mshauri kwamba mwalimu anataka wakutane mjini jioni, la sivyo alama zake hazitaingizwa. Nimesikia majibu ya kwanza mara nyingi mno. “Ulikuwa umevaaje?” “Mpuuze tu.” “Tuombe.” Watu hawa hawana roho mbaya, wamezoea kutafuta kasoro kwa aliyekaa mbele yao. Nasimamisha igizo na kusoma kifungu cha 25 cha Sheria ya Kuzuia na Kupambana na Rushwa ya 2007, ambacho kinaitaja rushwa ya ngono kuwa kosa la jinai. Kisha tunarudia igizo upya. Safari hii mshauri anasikiliza, anaandika tarehe na maneno yaliyosemwa, anamweleza kuhusu dawati la jinsia, TAKUKURU na polisi, na uamuzi anamwachia mwenyewe. Siri ni ya mwanafunzi. Mwalimu hana siri pale.

Halafu linakuja swali la kweli: “Madam, na mwalimu huyo akiwa rafiki wa bosi wangu?” Jibu tamu sina. Nawaambia wasiende peke yao, waandike kila hatua, na wajue mapema nani ofisini anaweza kusimama nao. Washiriki wa rika langu huongeza wenyewe ile ahadi ya TANU: cheo ni dhamana. Vijana huiandika kwenye simu kana kwamba imetungwa jana.

Nisiwaseme Wamarekani kwa zoezi moja. Mwaka 2015 vyama vyao viwili vya watumishi wa huduma za wanafunzi, ACPA na NASPA, vilipopitia upya stadi za kazi hii, kipengele cha usawa na tofauti za watu kilipewa jina la haki ya kijamii na ujumuishi. Kwangu mabadiliko hayo yana maana: kujua kwamba wanafunzi wanatofautiana hakutoshi, mtumishi anatakiwa aguse utaratibu unaowaumiza. Hilo nimelichukua. Mstari wao nimewaachia.

Yule matroni alinipigia mwezi uliopita. Fomu sasa inasema “mzazi au mlezi,” na ilichukua vikao vitatu. Ila rekodi za nidhamu za wale wasichana wawili bado zimo kwenye mafaili, na mmoja anatafuta kazi. Ameandika barua kuomba zifutwe. Kamati inakaa Novemba, na ameniomba nimsaidie kupanga hoja.