Mgeni Wako Akija Uskoti, Mpeleke Kilmartin

Mgeni akitua Glasgow, sisi tunaoishi huku humkimbiza Edinburgh, akapiga picha ngomeni, akanunua skafu ya miraba, basi, kaiona Uskoti. Mimi siku hizi wageni wangu nawapeleka Kilmartin, mkoa wa Argyll, kando ya barabara itokayo Oban kwenda Lochgilphead. Kijiji chenyewe ni kanisa, hoteli, makumbusho na nyumba chache. Dereva mwenye haraka hata mwendo hapunguzi.

Anzeni makaburini. Jengo la kanisa ni la 1835, lakini mawe ya makaburi yaliyohifadhiwa hapo ni ya kale zaidi, yamechongwa panga na wapiganaji waliovaa deraya. Kisha simameni ukingoni mtazame bondeni. Yale marundo makubwa ya mawe yaliyopangana mstari mmoja nayo ni makaburi. La Nether Largie South lina zaidi ya miaka 5,000, na mtu anaweza kuinama akaingia ndani. Yaani wafu walizikwa bonde hili maelfu ya miaka kabla Ukristo haujafika. Ndani ya maili sita kuzunguka kijiji kuna mabaki ya kale zaidi ya 800, kwa hiyo msijaribu kuona yote. Teremkeni kwa miguu, mpite marundo hayo na duara la mawe la Temple Wood, inatosha kwa asubuhi. Njia ni tambarare, hata mama yangu mwenye magoti mabovu aliimudu.

Mchana nendeni Dunadd, kilomita sita hivi kusini. Ni kilima cha mwamba kilichochomoza katikati ya kinamasi cha Mòine Mhòr, na hapo ndipo palipokuwa makao ya wafalme wa Dál Riata, ufalme wa Wagaeli, watu wa lugha ya Kigaeli, uliovuka bahari hadi kaskazini mwa Ireland. Juu kuna unyayo uliochongwa mwambani. Inaaminika mfalme mpya aliutia mguu humo alipotawazwa. Unaouona leo ni nakala iliyofunika ule wa asili, kwa hiyo tieni mguu bila wasiwasi.

Vaeni gambuti, hata kukiwa na jua. Kiangazi kuna usubi wanaouma vibaya, hasa jioni upepo ukitulia. Sheria ya ardhi ya Uskoti ya 2003 inawaruhusu kupita mashambani, ila kila geti mlilofungua lifungeni, kuna kondoo. Treni inaishia Oban, na mabasi ya kutoka hapo ni machache. Ya kurudi ijueni saa yake kabla hamjashuka.

Mkibaki na nguvu, pandeni hadi gofu la Carnasserie, kaskazini kidogo ya kijiji. Alilijenga John Carswell, yule kasisi aliyetafsiri kitabu cha sala kilichochapishwa 1567, kitabu cha kwanza kabisa kuchapishwa kwa Kigaeli. Hakuna kiingilio, na ngazi zake ni nyembamba, watoto washikeni mkono.