Kubalansi 13B kwa ndege: pima kila kipande kabla ya kupeleka shafti kwenye mashine

Ndugu wa Ukunda, umeuliza kama shafti ya 13B (injini ya rotari ya Mazda, isiyo na pistoni) uliyoitoa kwenye gari la RX-8 ili uifunge kwenye ndege inaweza kubalansiwa peke yake, kwa kuwa fundi wako amekwambia krankshafti za silinda 4 hubalansiwa tupu na hazisumbui. Hapana, haiwezi. Kosa hili nimeligharamia mwenyewe, ndiyo maana naandika kwa kirefu.

Krankshafti ya silinda 4 za mstari hujisawazisha yenyewe. Shafti ya 13B ina matumbo mawili yaliyotoka nje ya kitovu kwa milimita 15, yakipeana mgongo, na kila tumbo limebeba rota, kile kipande cha pembe tatu kinachofanya kazi ya pistoni. Chukulia rota ya kilo 4: shafti ikizunguka mara 6000 kwa dakika, rota hiyo inavuta kwa takriban niutoni 23,700, kama uzito wa tani 2.4. Ya pili inavuta vivyo hivyo upande wa pili, kwa hiyo ukiiweka shafti na rota zake juu ya visu (kingo mbili za chuma za kupimia balansi) inatulia tuli, nawe unadhani kazi imekwisha. Lakini moja iko mbele, nyingine nyuma. Injini inataka kuyumba kama ngalawa, omo ikienda kulia tezi inakwenda kushoto. Kontaweiti mbili (vyuma vya uzito vinavyofungwa kwenye shafti), ya mbele na ya nyuma, ndizo zinazozuia hilo. Bila hizo, na bila uzito bandia kwenye matumbo kushika nafasi ya rota, mashine ya kubalansi itakupa namba zisizo na maana.

Pale karakana Changamwe tulifunga injini kama yako kwenye boti ya mteja wa Mtwapa. Kontaweiti ya nyuma tuliyouziwa ilikuwa ya 13B ya zamani. Iliingia vizuri, ikaunguruma vizuri. Tulipofika 4000 paipu ya oili ikapasuka kwa mtikisiko. Nguvu hii hupanda kwa mraba wa mwendo: kutoka 1000 hadi 4000 ni mara 16, kwa hiyo utulivu wa sailensa (injini ikizunguka polepole bila mzigo) usikudanganye hata kidogo. Rota za RX-8 ni nyepesi kuliko za kale, na kontaweiti zake lazima ziwe za kwake. Kwenye boti mtu huzima akavutwa pwani. Wewe utakuwa juu ya bahari ya Diani.

Sasa jambo ambalo mafundi wengi hulipita. Rota yenyewe lazima isawazishwe kwenye kitovu chake, mbali na shafti. Shafti huzunguka mara 3 rota ikizunguka mara 1. Rota yenye uzito upande mmoja itatikisa kwa thuluthi ya mwendo wa shafti, na hakuna kontaweiti itakayotibu hilo, maana haziendi pamoja.

Kwa hiyo anza na mizani ya gramu. Osha rota, toa kaboni yote (mimi huziloweka usiku mzima), kisha pima kila moja pamoja na beringi na sili zake zote. Tazama herufi iliyogongwa kwenye rota, ni daraja lake la uzito. Zikipishana, ongea na mkerezaji kabla hajashika drili. Usisahau oili: rota za Mazda hupozwa kwa oili inayopita ndani, na uzito wake uingie kwenye hesabu. Nyuma tumia kontaweiti ya gari la otomatiki, ndiyo inayokubali bamba la kufungia giaboksi ya propela. Propela nayo ibalansiwe peke yake.

Aliyetaja hapa Gnome ya 1909, injini ya ndege za zamani, hiyo ni rotari nyingine kabisa: silinda zake 7 huzunguka na propela, shafti imesimama. Hesabu hizi haziihusu.

Ukishapima, weka hapa gramu za rota zote mbili na herufi zake, nami nitakupigia hesabu ya uzito bandia.